Mwenye mbwa lazima ajieleze: Kwa miguu katika vijiji vya Usambara

Mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa kuzunguka vijiji vya Usambara na mbwa aliishia kuwa mfalme. Jina lake Mbegha, mwindaji wa kutoka milima ya Nguu. Masimulizi ya Wasambaa yanasema alizaliwa kigego, meno yake ya juu yakitangulia ya chini, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo mzima. Ulipofika wakati wa kugawana urithi, ndugu wakamtoa. Akachukua mikuki yake, akawaita mbwa wake, akaenda zake. Alipofika Kilindi akapata rafiki, mtoto wa mtawala wa huko, wakawa wakiwinda pamoja. Kijana yule akafia mawindoni. Mbegha hakungoja kuulizwa; akakimbia tena, safari hii akipanda milima, akila nyama ya nguruwe pori na kulala msituni, mpaka watu wa huku juu walipouona moshi wa moto wake wakaja kutazama ni nani.

Aliwapa nyama, wao wakampa chakula cha shambani. Mazao ya Wasambaa yalikuwa yakiliwa na nguruwe, na huyu mgeni alikuwa na kundi la mbwa wanaojua kazi. Bumbuli wakamwoza mke. Watu wa Vuga wakamwita awe mkubwa wao, na njiani akaua simba, ndipo akapata jina la Simba Mwene. Wanahistoria wanayaweka haya katika nusu ya kwanza ya karne ya 18. Ukoo wake, Wakilindi, ukatawala milima hii mpaka enzi ya ukoloni, na mwenye kutaka kuisoma habari yote kwa Kiswahili cha zamani kilichonyooka akitafute kitabu cha Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kuwa liwali wa Tanga, kiitwacho Habari za Wakilindi. Mmarekani Steven Feierman naye aliandika historia ya ufalme huo mwaka 1974, na alilitilia maanani sana lile jambo la nyama kubadilishwa na chakula cha shambani. Mimi nilivisoma vitabu vyote viwili nikiwa nawatafuta mbwa, na nakiri kwamba wanahistoria hawawapi mbwa nafasi wanayostahili.

Mbwa wangu ni jike, anaitwa Kazimoto. Ni mbwa wa kienyeji, rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala, miguu mirefu isiyo na nyama. Jina alipewa na jirani, siku alipoona namna mtoto yule wa mbwa alivyokuwa analala tangu asubuhi hadi magharibi. Hana ukoo wa kutajika, hajui kuwinda. Lakini anajua kutembea, na tangu alipokomaa nimekuwa nikimchukua kila ninapopata nafasi ya kwenda miji midogo na vijiji vya mkoa wetu wa Tanga. Wapo wanaonicheka. Wanasema kutembea na mbwa ni mambo ya Wazungu, au ya wenye nyumba za geti wanaomtoa mbwa jioni ajisaidie kwa jirani. Huwa nawajibu kwa Mbegha.

Kazi ya kwanza ni kufika. Basi halimchukui mbwa, na sina ugomvi na hilo. Mtu aliyelipa nauli yake hana sababu ya kupumuliwa na mbwa kuanzia Korogwe. Njia iliyopo ni malori. Mboga za Lushoto hushuka usiku kwenda Dar es Salaam, kabichi, karoti, viazi, hoho, na Fuso zilizoshusha mzigo hurudi tupu mchana. Ukikaa Mombo kwenye barabara kuu, penye joto na vumbi, ukazungumza vizuri na dereva anayekunywa chai, utapata nafasi nyuma kati ya maturubai na matenga matupu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei, barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi ya Wajerumani, bonde upande mmoja na mwamba upande mwingine. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lushoto takriban mita 1,400. Kazimoto husimama, akaegemeza kidevu kwenye ubao wa bodi, na pua yake haitulii njia nzima. Mimi ninachokiona ni migomba inaongezeka na jua linapungua makali. Yeye sijui anasoma nini katika upepo ule, ila ni wazi anasoma mengi kuliko mimi.

Tunashuka Soni. Wageni wengi hupita Soni wakitazama maporomoko ya maji yaliyo kando ya barabara, wakanunua mapeasi au plamu dirishani, wakaendelea. Mwenye mbwa hapewi Soni hiyo. Mbwa hakuongozi kwenye mandhari. Atakuvuta nyuma ya mabanda ya mama lishe mahali panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo, atakupitisha kwenye bucha, hata mahali mifugo inapochinjwa, atashuka mtoni kwa njia ya wanawake wanaofua, na atasimama muda mrefu mbele ya nguzo ya umeme ambayo wewe usingeitazama. Mji wowote mdogo una mlango wa mbele na wa uani. Kazimoto hajawahi kunipitisha mlango wa mbele, na kwa sababu hiyo najua Soni wanaotupa taka ni akina nani, bucha gani ina nyama ya leo, na ni mama lishe yupi anayeweka mifupa pembeni kwa ajili ya mbwa wa mtaa. Huyo wa mwisho ndiye ninayekula kwake. Mtu anayekumbuka mbwa wasio wake hawezi kukupa wali wa jana.

Jambo moja lazima lisemwe mapema kwa anayetaka kujaribu: kila mji una mbwa wake, na hao hawakualikwa kwenye safari yako. Wataanza wawili, watafika sita. Nilichojifunza kwa wavulana wa Soni ni kuinama tu kana kwamba naokota jiwe. Si lazima jiwe liwepo. Mbwa wa Tanzania nzima, wa bara na wa pwani, wanalijua tendo hilo na wanageuka. Tatizo ni kwamba Kazimoto naye analijua, kwa hiyo nikiinama anakimbia pamoja na maadui zake. Ukiwa na jike ambaye hajafungwa kizazi, usithubutu kwenda naye popote wakati wa joto lake. Utaingia kijijini na msafara ambao hata diwani hana.

Kutoka Soni tunaacha lami, tunashika njia za miguu kuelekea Vuga na Bumbuli. Hapa ndipo Usambara inapoanza kusema. Mashamba yamepanda hadi juu kabisa, maharage chini ya migomba, viazi kwenye matuta, mikaratusi mipakani, na chai inaonekana kwa mbali ikiwa imekatwa usawa mmoja. Njia inapita katikati ya nyua za watu. Huna namna ya kupita bila kusalimiana, na salamu ya kwanza ikishajibiwa, swali la pili halihusu wewe.

Watoto huuliza, "Anauma?" Vijana huuliza, "Unamuuza?" Akina mama huuliza anakula nini, na wakisikia ni ugali wa dona na dagaa hutazamana, kwa sababu dagaa si za kuchezea. Wazee huuliza swali moja tu, tena wote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnatoka kuwinda?"

"Hapana, mzee. Tunatembea tu."

Yule mzee wa karibu na Vuga alikuwa ameketi juu ya gogo, jembe limelala miguuni. Alimtazama Kazimoto kuanzia pua hadi mkia, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuwa na mbwa wa maana.

"Mbwa hatembei tu," akasema. "Mbwa ana kazi. Anaitwa nani?"

"Kazimoto."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema nguruwe wameingia kwenye mahindi yake usiku uliopita, wamelaza mistari mizima, na kwamba kama jina hilo si la utani nimwachie mbwa kwa wiki moja. Nilimweleza kwamba huyu hata kuku anamwogopa. Akakaa kimya kidogo, halafu akaanza kunisimulia habari za Mbegha bila mimi kumwomba, maana mgeni na mbwa katika kilima kile hawezi kuonekana bila mtu kukumbuka. Nikamuuliza anadhani ingekuwaje Mbegha angekuja peke yake. "Tungempa chakula," akasema, "angelala, asubuhi angeondoka."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko yote niliyosoma. Mgeni asiye na mbwa huweza kuvuka kijiji kizima akiwa hana maana kwa mtu yeyote: ni mwalimu mpya, ni mnunuzi wa viazi, ni mtu wa mradi, watu hujibu wenyewe mioyoni mwao na kuendelea kupalilia. Mwenye mbwa hana jibu lililo tayari. Si mchungaji wa mbuzi, maana hana mbuzi. Si mwindaji, maana hana mkuki, na sheria ya wanyamapori nayo haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Lazima asimame ajieleze. Na katika kujieleza huko ndimo nilimopata kila kitu ninachokijua kuhusu vijiji hivi, kuanzia bei ya gunia la viazi hadi nani hasalimiani na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mmisionari Krapf alipanda hadi Vuga mwaka 1848 na tena 1852 kumwona mfalme Kimweri, akiwa na shughuli nzito za dini za kujielezea. Mimi nina Kazimoto, na hunitosha.

Sasa niliseme lile ambalo msomaji wa Tanga amekuwa akilingojea. Sehemu kubwa ya vijiji hivi ni vya Waislamu, na wazao wa yule mla nguruwe nao, wengi wao, waliingia katika Uislamu katika karne ya 19. Kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa huku, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo alichotia ulimi huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Watu wa mjini huliona jambo hili kama chuki juu ya mbwa. Sivyo. Sheria hiyohiyo inamruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na windo la mbwa aliyefundishwa, akiachiwa kwa jina la Mungu, ni halali. Isitoshe, wale vijana wa Pangoni, Ashabul Kahf, walilala miaka yote ile mbwa wao akiwa amenyoosha miguu mlangoni. Kila mtoto wa madrasa anamjua. Kinachotakiwa ni adabu ya mwenye mbwa. Kamba iwe fupi. Karibu na msikiti tunavuka upande wa pili wa njia. Uwanjani mwa mtu hatuingii. Napiga hodi kutoka njiani nangoja. Bakuli lake nalibeba mwenyewe, siombi chombo cha mtu. Kuna mama mmoja juu ya Vuga alimwona Kazimoto anahema, akaleta kata ya maji bila kuulizwa, akayamimina kutoka juu sana, mkono umenyooka, yakaingia bakulini bila kumrushia tone. Mbwa akanywa, mama akabaki na tohara yake. Sijaona ukarimu uliopimwa vizuri namna ile.

Lile swali la watoto, kama anauma, nalo lina uzito kuliko linavyosikika. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria vifo 59,000 kila mwaka duniani, sehemu kubwa Afrika na Asia, na kati ya wanaong'atwa, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mnyororo wa maambukizi hukatika. Kadi ya chanjo ya Kazimoto huwa mfukoni mwangu, ndani ya mfuko wa nailoni, na nimeionyesha mara nyingi kuliko kitambulisho changu. Baba mmoja wa Bumbuli aliisoma yote, pande mbili, akauliza kama chanjo ile inauma. Mwanawe alikuwa na kovu gotini. Aling'atwa mwaka uliopita na mbwa wa jirani; bibi yake akaliosha jeraha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka muda mrefu, dakika 15 au zaidi, ndipo wakampeleka hospitali kuchomwa sindano. Bibi yule alifanya jambo sahihi kabisa katika mpangilio sahihi. Wengine hukimbilia kupaka mafuta ya taa au majani, na muda unapotea.

Lushoto mjini ni rahisi zaidi na, kusema kweli, inachosha kidogo. Wajerumani waliupa mji jina la Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao, wakapapenda kwa baridi. Watalii wangali wanapapenda kwa sababu hiyohiyo, na watalii wanajua mbwa, kwa hiyo hawaulizi kitu. Wanampapasa na kupita. Kinachobaki ni kutafuta gesti. Nyingi hukataa, na zinazokubali huweka masharti mlangoni: asiingie chumbani, asilale barazani, alipiwe. Mwenye gesti tunapolala siku hizi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamuru, aliniuliza swali moja, "Atabweka?" Nikamwambia hajui. Akatupa stoo ya kuni. Usiku wa manane alibweka mbwa wa jirani, Kazimoto hakujibu, na asubuhi mama yule akampelekea ukoko wa wali kwenye karatasi. Siku hiyo hakuniuliza mimi nimelalaje.

Kutoka Lushoto barabara inapanda hadi Magamba, msitu wenye mbega weupe kwa weusi. Msituni siingii naye. Tunafuata barabara ya vumbi kupitia Lukozi hadi Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa milima kama mtu aliyeketi kwenye ukuta na kuning'iniza miguu. Chini yake, mteremko wa kutisha, ndipo ilipo nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, inayokwenda kukutana na Tsavo ya Kenya. Kazimoto hakaribii ukingo. Hulala umbali wa hatua kadhaa na kunitazama mimi ninayekaribia.

Hapo Mtae ndipo mahali pazuri pa kueleza kwa nini mbwa wa mtu haruhusiwi katika hifadhi za taifa. Watu hudhani ni kwa sababu ataliwa na chui. Hatari kubwa inakwenda upande wa pili. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, virusi vya jamii ya mbwa, uliua simba wapatao 1,000 katika Serengeti, takriban theluthi moja ya simba wote wa huko, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vilivyozunguka. Mkomazi nako, ambako mbwa mwitu walikuwa wakizalishwa ili warudishwe porini, distempa iliingia kati ya mwisho wa 2000 na mwanzo wa 2001. Walikuwemo mbwa mwitu 52. Walikufa 49, licha ya kwamba walikuwa wamechanjwa. Mnyama kama huyu wangu, mpole, mwoga wa kuku, anaweza kubeba mdomoni kifo cha simba bila yeye mwenyewe kuonekana mgonjwa sana. Ndiyo maana chanjo yake haiishii kwenye kichaa cha mbwa, na ndiyo maana nyika ile tunaitazama kutoka juu tu. Kijana wa Mtae niliyemweleza haya alisikitika kwa ajili ya simba, kisha akanikumbusha kwamba kwao hakuna ofisa mifugo anayefika kwa ajili ya mbwa; akija, amekuja kwa ng'ombe. Alikuwa na mbwa watatu, wote hawajachanjwa, na alitaka kujua bei. Nilimwambia niliyolipa mimi. Akapiga hesabu kwa vidole, mara tatu, akasema angeanza na yule mkubwa.

Kurudi chini ni kwa Fuso tena, lakini safari hii limejaa. Lukozi jioni ni kelele tupu, wapakiaji wanatupiana kabichi, wanawake wanafunga karoti kwenye viroba, dereva ana haraka ya kufika soko la Dar es Salaam kabla ya alfajiri. Alikubali kutuchukua mpaka Mombo. Utingo ndiye aliyegoma.

"Akikojolea kabichi?"

"Amekojoa tayari. Muulize yule mama, ni kwenye tairi lako."

Utingo akaenda kulitazama tairi, akarudi. Akasema mbwa alipe nauli kamili, kwa kuwa anachukua nafasi ya mtu. Nikasema halali kitini. Dereva, ambaye alikuwa amekwisha kuwasha gari, akaamua kesi kupitia dirishani: mbwa atalipa sawa na kiroba kimoja cha karoti, mimi nitalipa sawa na mtu, na tukae juu ya viazi, si juu ya kabichi. Utingo akampakia Kazimoto kwanza, akamshika kwa mikono yote miwili kwa uangalifu wa ajabu, kisha akanigeukia mimi akaniambia nipande mwenyewe.